Punda akichechemea si lazima auzwe: mguu upi hupona na upi hauponi

Kila mvua inaponyesha hapa Kware, haipiti wiki kabla sijamwona punda anayechechemea. Wenzangu wa Pwani mkisikia Kware mwadhani nasema ndege. Hii ni Kware ya Embakasi Kusini, Nairobi, jirani na Pipeline na Mukuru kwa Njenga, mtaa uliopata jina lake kwa machimbo ya mawe. Maji ya mfereji huku huja na kupotea, kwa hivyo mitungi ya lita 20 hupelekwa milangoni kwa mikokoteni. Mingi husukumwa na vijana, mingine ni magari ya kuvutwa na punda. Ni punda hao ninaotaka kuwazungumzia leo, kwa sababu nimechoka kusikia neno moja kila mmoja wao anapoanza kuchopea: "Huyo amekwisha, muuze."

Kwa miaka mingi nilikuwa saisi, mtunza farasi, katika mazizi ya upande wa Ngong. Mimi si daktari wa mifugo na sijidai kuwa. Lakini mtu akishika miguu ya farasi asubuhi na jioni, kiganja chake hujifunza kutofautisha ukwato wa moto na wa baridi, na sikio lake hujua mnyama asiyekanyaga sawa hata kabla hajamwona. Nilichojifunza huko kwa farasi wa matajiri kinamfaa pia punda wa muuza maji. Na la kwanza ni hili: kuchechemea ni dalili tu. Wanyama wengi wanaochechemea hupona, na wengine hupona kwa siku chache. Kinachoamua ni mahali palipoumia, na kama mwenye mnyama ataweza kumpumzisha.

Tuanze na mguu wenyewe, kwa sababu umeumbwa kwa namna ya ajabu. Farasi na punda husimama juu ya kidole kimoja tu katika kila mguu, kile ambacho kwetu ni cha kati, na ukwato ndio ukucha wake. Kile tunachokiita goti la mguu wa mbele ni sawa na kifundo cha mkono wetu. Kutoka hapo kwenda chini hakuna nyama. Kuna mfupa, kano, na ngozi. Ndiyo maana mguu ni mwepesi na mnyama hukimbia sana. Ndiyo maana pia kidonda cha chini ya goti hupona polepole, kwani damu inayofika huko ni kidogo na hakuna nyama ya kuufunika mfupa unapovunjika. Miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wa mwili, na huko ndiko matatizo mengi huanzia.

Kumjua anayeumwa mguu upi si kazi ngumu. Mwambie mtu amwongoze punda bila mzigo, kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, kamba ikiwa imelegea. Tazama kichwa. Akikanyaga mguu wa mbele unaouma, kichwa huinuka; akikanyaga ulio mzima, huinama. Ikiwa tatizo liko nyuma, tazama nyonga: ya upande unaouma hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Kisha inua ukwato. Daktari wa mifugo hufundishwa kuanza na ukwato hata kama mwenye mnyama anaonyesha bega, na mimi pia wazee wa zizini walinifundisha hivyo. Watu hupenda kuona ubaya begani. Mara nyingi ubaya uko chini, kwenye tope.

Na hapa Kware uko chini kweli. Mtaa unajengwa usiku na mchana, ghorofa juu ya ghorofa, na misumari ya mbao za ujenzi hutupwa njiani. Ongeza vioo, mabati na kokoto za machimbo. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Embakasi hushika maji siku nyingi, na punda husimama humo akingoja zamu yake ya maji. Punda asili yake ni nchi kavu. Ukwato wake hunyonya maji zaidi ya wa farasi, hulainika, na ukilainika, msumari na vijidudu hupata njia. Ndani hutunga usaha. Ukwato ni mgumu kama gamba na hauwezi kuvimba kama kidole chako kinavyovimba, kwa hivyo usaha hubanwa humo na maumivu huwa makali mno. Jana punda alikuwa mzima, leo hataki hata kugusa chini. Mwenyewe hukimbilia kusema mguu umevunjika.

Jipu la ukwato ndilo sababu ya kawaida kabisa ya mnyama kuchechemea vibaya kwa ghafla, na ni miongoni mwa yanayopona vizuri zaidi. Shika ukwato kwa kiganja na ulinganishe na mwenzake: utakuwa wa moto. Weka vidole nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato, utahisi mshipa wa damu ukidunda kwa nguvu. Fundi wa kwato au daktari hukwangua mahali palipochomwa mpaka usaha upate pa kutokea. Hutoka mweusi, wenye harufu mbaya, na wakati mwingine punda hukanyaga chini papo hapo kama aliyeondolewa mlima. Baada ya hapo ukwato hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hufungwa kitambaa safi, na juu yake nailoni au kipande cha gunia ili tope lisiingie. Siku chache mpaka wiki mbili, amepona. Nimeona farasi wa thamani kubwa na punda wa mtungi wakitibiwa kwa njia hiyo hiyo.

Msumari ukiukuta ungali ndani, tazama umeingia wapi. Ukiwa pembeni, hatari ni ndogo. Ukiwa katikati, kwenye ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu au karibu nayo, hiyo ni dharura. Unaweza kuwa umefika kwenye kiungo au kwenye kano, na mnyama aliyeingiwa na vijidudu kwenye kiungo huwa katika hatari ya kufa kama mwenye mfupa uliovunjika. Daktari akiwa karibu, uache msumari mpaka aje. Ikibidi uutoe, weka alama mahali ulipokuwa na ukumbuke uliingia kwa kina gani na kwa upande upi. Usimwage mafuta ya gari humo, wala petroli, wala asidi ya betri. Nimeyaona yote hayo yakifanywa.

Kuna jambo jingine hapo, na lugha yetu ililijua zamani. Ugonjwa ule wa mwili kukakamaa na taya kufunga twauita pepopunda. Sijui nani alilibuni jina hilo, lakini alikuwa na macho, maana katika wanyama wote tunaowafuga, farasi na punda ndio wanaodhurika upesi zaidi na sumu ya vijidudu hivyo. Vijidudu hukaa udongoni na kwenye kinyesi, na tundu dogo la msumari, lenye kina na lisilopata hewa, ndilo makazi wanayoyapenda. Chanjo ipo. Punda aliyechomwa msumari na hajachanjwa anahitaji daktari hata kama hachechemei tena.

Majeraha ya kano ni habari nyingine. Nyuma ya muundi, kati ya goti na kifundo, pana kano nene zinazobeba uzito kila hatua. Farasi wa mbio huzikata nyuzi zake kwa kasi. Punda wa Kware huzikata kwa mzigo na kuteleza. Fanya hesabu: mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji peke yake, kabla ya gari. Punda wetu wengi hawazidi sana kilo 150. Magurudumu humsaidia, na barabarani palipo sawa anaweza kuvuta uzito kuliko wake. Tatizo ni pale gurudumu linapozama kwenye shimo na yeye anapigwa ili alikwamue kwa mara moja, au anaposhuka mteremko na gari lisilo na breki linamsukuma kwa nyuma. Hapo kano huvutika kupita kiasi. Utaona nyuma ya muundi pamevimba na kupinda kama ndizi, pana joto, na ukipagusa anarudisha mguu.

Maji baridi ndiyo dawa ya siku mbili za kwanza, dakika 15 hadi 20 kwa mara, mara kadhaa kwa siku, kisha bandeji iliyofungwa vizuri juu ya pamba nene. Baada ya hapo dawa ni muda, na muda wenyewe ni mrefu. Farasi wa mbio aliyekatika kano vibaya hupumzishwa miezi 9 hadi 12, na wengi hawarudi kwenye kasi yao, kwa sababu kano huungwa kwa kovu na kovu halivutiki kama nyuzi za asili. Lakini hapa punda ana bahati ambayo farasi wa mbio hana. Hakuna anayemtaka akimbie kilomita 60 kwa saa. Akipona kwa kovu, anaweza kutembea na kuvuta mzigo wa kiasi kwa miaka.

Kuna wanaosema mguu uchomwe moto ili "kutoa ubaridi". Sikubaliani nao hata kidogo. Moto huongeza kidonda juu ya jeraha, na kinachoponya ni ule mwezi ambao mnyama hupumzika akiuguza michomo. Mpe mwezi huo bila moto, matokeo ni bora.

Sasa mfupa. Msemo kwamba farasi akivunjika mguu hupigwa risasi una ukweli ndani yake, ila watu hawaelezwi sababu. Mfupa wa farasi huunga kama wa binadamu. Shida ni kwamba farasi wa kilo 500 hawezi kulala kitandani miezi mitatu. Akilala sana, mapafu na matumbo yake huharibika. Akisimama, miguu mitatu hubeba uzito wa minne. Ndani ya ukwato mfupa umeshikwa na ukuta wa ukwato kwa tando nyembamba zilizopandana kama kurasa za kitabu. Ukwato ukibeba kupita kiasi kwa majuma, damu haizungukii vizuri, tando hizo huwaka na kuachana, na mfupa huanza kuzama. Ugonjwa huo huitwa laminaitisi, na maumivu yake ni mabaya kuliko ya mguu uliovunjika.

Dunia ililiona hilo kwa farasi wa Marekani aitwaye Barbaro. Alishinda Kentucky Derby mwaka 2006, na wiki mbili baadaye, Mei 20, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia kwenye mbio za Preakness. Alipelekwa hospitali bora ya farasi, akawekwa bamba la chuma na skrubu 27. Mfupa ulikuwa ukiunga. Lakini laminaitisi iliushika mguu wa nyuma wa kushoto, kisha ya mbele, na Januari 29, 2007 wenyewe wakaamua apumzishwe kwa sindano. Fedha hazikuwa tatizo, wala ujuzi. Kwa upande mwingine yupo Mill Reef, bingwa wa Uingereza, aliyevunjika mguu wa mbele mwaka 1972 akiwa mazoezini. Alifanyiwa upasuaji, akatulia kwenye plasta, hakukimbia tena lakini aliishi mpaka 1986 akizaa mabingwa. Tofauti ilikuwa aina ya mvunjiko, bahati, na tabia ya mnyama mwenyewe: walisema alikuwa mpole wa kukaa kimya.

Punda ni mwepesi na mtulivu, kwa hivyo kwa mvunjiko wa aina moja nafasi yake ya kupona ni nzuri kuliko ya farasi mkubwa. Mvunjiko ulio chini ya goti, ngozi ikiwa haijapasuka na mifupa haijahama, unaweza kufungwa plasta na kuunga. Mfupa uliotokeza nje, au mfupa wa paja, au wa mkono wa juu kwa mnyama mzima, hauna matumaini katika mazingira yetu, na kumburuta mnyama huyo siku tatu ukitafuta tiba ni kumtesa. Ikiwa bado hujajua ni upi, usimtembeze. Funga mguu kwa nguo nene, kisha gango la mbao mbili au bomba la plastiki lililopasuliwa, likivuka kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko. Ukimpakia kwenye pikapu na mguu ulioumia ni wa mbele, mwelekeze nyuma, ili gari likifunga breki uzito uende kwenye miguu mizima. Ukiwa ni wa nyuma, atazame mbele.

Laminaitisi haitoki kwenye mivunjiko tu. Punda aliyevunja gunia la mahindi usiku, au anayelishwa mikate na ugali wa jana kwa kuonewa huruma, naye huipata. Utamwona ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha, hataki kugeuka. Ikikamatwa mapema hupona. Ikiachwa, mfupa ukishazama hakuna njia ya kuurudisha kama ulivyokuwa.

Nimesema punda ni mtulivu, na huo utulivu ndio unaomponza. Farasi akiumwa hutoa jasho, hupiga chini, hujilaza na kuamka. Punda husimama kimya, masikio yamelegea, chakula anakitafuna nusu. "Huyu ni mvivu tu, mzee," kijana mmoja aliniambia karibu na kituo cha maji, fimbo mkononi. Nikamwambia, "Mwanangu, inua ukwato huo kwanza." Alitoa kokoto yenye ncha ya ukubwa wa kunde kutoka kwenye nyufa za ukwato. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Mimi katika miaka yangu yote nimepigwa mateke na farasi zaidi ya mara nilizopigwa na punda, na wale punda karibu wote walikuwa na pa kuumwa.

Punda mgonjwa asipokula siku mbili tatu, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kumwua, hata kama mguu ulikuwa ukipona. Kwa hivyo kumpumzisha si kumfunga nyuma ya choo na kumsahau. Apewe majani, maji, kivuli, mahali pakavu, na mwenzake awe karibu, kwa maana punda aliyezoea mwenziwe huacha kula akitengwa naye.

Tufikie pale penye mkwamo. Muuza maji anajua mnyama wake anaumwa. Tukisema ana safari 5 kwa siku, mitungi 20 kila safari, faida shilingi 10 kwa mtungi, basi kila siku ya kupumzika ni shilingi 1,000 ambazo hazikuingia nyumbani, na watoto hawali bandeji. Punda afe mzigo wa bwana ufike: msemo huo waweza kuonekana wa ukatili, lakini mara nyingi bwana mwenyewe naye hana. Hata hivyo hesabu iendelee mpaka mwisho. Jipu la ukwato lililotibiwa siku ya kwanza humgharimu siku 10. Lililopuuzwa hupanda kwenye mfupa na kummaliza punda. Muulize bei ya punda mpya aliyezoea gari, halafu mlinganishe. Vijana wawili watatu wenye punda wanaweza kukubaliana kuazimana mnyama mmoja anapouguzwa, kama tunavyofanya kwenye chama cha fedha. Nimeona madereva wa bodaboda wakifanya hivyo kwa pikipiki, sioni kwa nini kwa punda isiwezekane.

Sababu nyingine ya mimi kulichukia neno "muuze" ni kwamba najua auzwapo hufika wapi. Machinjio ya punda yalifunguliwa nchini kuanzia 2016, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukaenea. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi barani kote. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini; ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2. Anayechechemea ndiye wa kwanza kwenda, tena kwa bei ya kutupa, akitembezwa kwa mguu huo huo mbovu. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa ugonjwa au jeraha na pia kumpakia kupita kiasi. Huku mtaani sijaona anayeitaja.

Ndugu zangu wa Lamu mna jambo ambalo sisi huku hatuna. Tangu 1987 mnayo hospitali ya punda pale mjini, mbele ya bahari, na mtoto wa Lamu hukua akijua kwamba punda hupelekwa kutibiwa. Matatizo yenu ni yayo kwa yayo: mchanga na mawe ya matumbawe yanayobebwa hadi kwenye majengo, vichochoro vya mawe, vidonda vya kamba miguuni. Kamba ya nailoni iliyofungwa miguu miwili ili punda asiende mbali hukata ngozi mpaka kwenye kano, na kidonda cha mahali pale, kama nilivyoeleza, hakipati damu ya kutosha. Mwenye kulazimika kufunga na afunge kwa kitambaa kipana, au aache kabisa.

Huku Nairobi itabidi uulize ofisi ya mifugo ya kaunti, au chama cha KSPCA kule Karen, au Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, ambako madaktari wa mifugo husomea. Ni mbali na Kware, ndiyo. Lakini kwa jipu na msumari daktari wa karibu anatosha, akiitwa mapema.

Na akipona, asirudishwe kwenye mitungi 20 siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza atembezwe bila gari. Ya pili avute gari tupu, ya tatu mitungi mitano, na kila jioni mguu ushikwe kwa kiganja. Ukiukuta una moto kuliko mwenzake, rudi wiki moja nyuma.